Kiboko Ajenga Ua Mpya

Wenzangu, niwape?
Tupe!
Ngano yenyewe ina miba, mtaishika?
Tutaishika!

Basi walikuwepo majirani wawili. Huku alikaa Kiboko, mwenye shamba kubwa la viazi vitamu na bwawa lake la kuogea. Huku alikaa Bi Kalunguyeye, mjane mwenye watoto wanne na vituta sita vya maharage. Katikati palikuwa na ua wa fito ulioliwa na mchwa, na kando yake michongoma isiyokatwa miaka na miaka, hata mpaka haukujulikana tena ulipita wapi.

Asubuhi moja Kiboko akaja, gudu, gudu, gudu. Akasema ua umeoza, utajengwa mwingine.

"Sawa, jirani," akajibu Bi Kalunguyeye.

Akasema ataujenga yeye mwenyewe.

"Sawa, jirani."

Akasema utapita upande huu wa michongoma, juu ya vile vituta vya maharage.

Hapo Bi Kalunguyeye akawatazama wanawe, maana bila maharage yale wangelala njaa. Lakini akasema, "Sawa, jirani. Ila unajipunja."

"Najipunja vipi?"

"Visiki vya ua wa kwanza kabisa bado vipo humo kichakani. Nani ajuaye, huenda viko mlangoni pangu. Fyeka uvitafute, ujenge hapo hapo vilipo."

Macho ya Kiboko yakang'aa. Akamwita Kanga awe shahidi, akaapa mbele yake kwamba ua utasimama juu ya visiki, popote vitakapokuwa, na atakayegeuka ahame.

Siku ya kwanza akaanzia mlangoni kwa Bi Kalunguyeye, chwaka, chwaka. Miba ikamchoma pua. Visiki hakuna. Siku ya pili, chwaka, chwaka. Miba ikamchoma midomo. Visiki hakuna. Bi Kalunguyeye akimletea maji na kumpa pole. Chini ya michongoma ile alipita kila siku tangu utotoni, na kila kisiki alikijua.

Siku ya tatu Kiboko akafyeka matawi ya mwisho, yale yaliyolalia bwawa lake. Visiki hivyo hapo, vyeusi, vimekata pembe ya shamba la viazi na kuingia majini, katikati kabisa.

Kiboko akasema kwa upole kwamba habari za visiki ziachwe. Lakini Kanga alikwisha kuzitangaza, ka-ka-ka, kutoka mtoni hadi mlimani. Basi akajenga. Akajenga ua imara, kwa jasho lake mwenyewe. Tangu siku ile anaoga nusu nusu: kichwa majini, makalio juani.

Fundisho lake ni hili: mdogo asibishane na mkubwa. Akiambiwa neno, aitikie tu. Si mmeona Bi Kalunguyeye alivyokuwa mtiifu?

Ngano nimeitua. Ikiwa tamu, ni yenu. Ikizidi chumvi, ni yangu.