Yule wa Darajani

Kabla hujaongeza, uliza kilichomo. Mmeyasikia maneno hayo asubuhi hii kwa Mama Nyagawa wa stoo, alipomkuta Vumilia ameshika simu ya yule mzee wa Kihesa. Mzee aliileta ibadilishwe kioo tu. Vumilia, kwa moyo wake mzuri, akataka kuisafisha yote ndani na kumwekea mambo mapya. Mmecheka, kisha mkaja kuniuliza ni wahenga gani waliosema hivyo, maana hamjaikuta methali hiyo katika kitabu chochote cha shule. Hamjaikuta kwa sababu haijafikisha hata miaka kumi. Wahenga msiwasingizie. Ilizaliwa mezani kwangu, na mjinga wa hadithi hii ni mimi. Basi kaeni niwaeleze ilivyoanza, na wewe Vumilia iweke hiyo simu chini kwanza.

Wakati huo sijaanza kufundisha hapa chuoni. Nilikuwa na kibanda cha ufundi karibu na soko kuu la Iringa, natengeneza redio, TV, simu, chochote chenye waya. Mama yangu aliuza nyanya katika soko hilohilo miaka ishirini na sita, na sikumwona hata siku moja akimfungia mteja fungu bila kutupia nyanya mbili juu. Nyongeza, mnaijua. Alikuwa akisema kwamba mteja akiondoka na fungu lake tupu, hukumuuzia, umempimia. Nami nikaichukua desturi ile ya nyanya nikaiingiza kwenye ufundi. Ukileta redio ya kubadilisha spika, nitakukazia na antena. Ukileta pasi iliyokatika waya, nitakufungia na plagi mpya. Watu walinipenda kwa hilo, na mimi nilijipenda zaidi.

Mwaka huo zilikuwa zimeingia mjini mashine ndogo za gemu, zile zilizotengenezwa kwa mfano wa mashine kubwa za zamani. Ni kitu cha kutosha kiganjani, kama kipande cha sabuni. Waya mmoja unaingia kwenye TV, kuna pedi mbili za kuchezea, na ndani yake gemu ishirini na moja zilizowekwa tangu kiwandani. Huingizi kaseti wala sidii. Vijana walipozichoka zile ishirini na moja, waliniletea mimi. Unaiunganisha na kompyuta, unabonyeza kitufe fulani huku unaiwasha, inajifungua, nawe unamimina gemu nyingine humo mpaka ijae. Nilijifundisha kazi hiyo mwenyewe nikiwa na miaka hamsini na mitatu, na nilijiona sina mpinzani toka Ipogolo hadi Mtwivila.

Siku ya Ijumaa akaja mama mmoja, Skolastika Mgimwa, mshonaji wa sare za kwaya. Tulifahamiana kwa sura tu. Mashine yake alikuwa ameifunga katika kitenge, mafundo mawili.

"Kamwene, mama," nikamwamkia.

"Kamwene, fundi." Alifungua mafundo polepole, akanionyesha tundu la waya wa umeme. "Hapa pamelegea. Nikiwasha inazima. Nitengenezee hapa tu."

"Hapa tu?"

"Hapa tu."

Kibandani kulikuwa na watu wanne au watano wanasubiri vitu vyao. Sasa najua kwamba mwenye msiba hawezi kuueleza msiba wake mbele ya watu wanaosubiri redio. Wakati ule nilichokiona ni mama mpole na mashine iliyochubuka kwa kuchezewa, nikadhani nyumbani ana wajukuu waliokwisha kuzichoka gemu zao. Sikumuuliza. Niliandika jina lake kwenye kikaratasi, nikakibandika juu ya mashine, nikamwambia aje Jumatatu.

Kesho yake mchana nikaishika. Lile tundu lilinichukua dakika kumi. Nikalichomea upya, nikaijaribu, ikawaka na kutulia. Kazi niliyotumwa ilikuwa imekwisha. Kama ningeirudisha kwenye kitenge chake saa ileile, ninyi msingekuwa na methali, nami ningekuwa mtu mwenye amani zaidi. Lakini mtoto wa muuza nyanya hawezi kufunga fungu tupu.

Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu ni kazi yenu. Kabla ya kumimina kitu kipya, fundi hutoa nakala ya kila kilichomo na kuiweka pembeni. Nilijua hivyo. Niliwafundisha wengine hivyo. Ila siku hiyo mgao wa umeme ulikuwa unatufikia saa tisa, na ilishagonga saa nane na nusu. Kutoa nakala kungekula dakika ishirini. Nikairuka. Kompyuta ikaniuliza: ndani kuna kumbukumbu za zamani za mchezaji, je, zifutwe? Nikazitazama, vilikuwa vifaili vidogo mno, nikaviona takataka. Nikabonyeza ndiyo. Mashine iliniuliza mimi, na mimi sikumuuliza mtu.

Saa tisa kasoro dakika mbili gemu zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Nikapiga mluzi peke yangu.

Jumatatu mama Skolastika alikuja mapema, kabla ya wateja wengine. Nilikuwa nimekwisha kuunganisha mashine na TV ya kibandani ili ajionee. Nikamwonyesha waya hautikisiki. Kisha nikaanza kuzipitisha zile gemu, moja baada ya moja, zinapita tu bila mwisho, nami namtazama usoni nikingoja afurahi.

"Fundi," akasema, "hizi ni za nani?"

"Zako, mama. Nyongeza. Mia tatu na kumi na mbili."

Alisogea karibu na TV. "Na yule wa darajani yuko wapi?"

Akanitajia gemu yenyewe. Naikumbuka: kuna mtu mdogo mwenye mfuko mgongoni, anapeleka barua upande wa pili wa milima. Nikaitafuta, nikaifungua, nikampa pedi nikiwa na furaha zangu. "Huyu hapa, mama."

Kwenye TV yule mtu alikuwa amesimama mlangoni kwao, na chini yake palikuwa na nafasi tupu ya kuandika jina.

"Huyu hajatoka nyumbani bado," akasema. "Wangu alikwishafika darajani. Ana jina. Ameandikwa Izi."

"Ah, hilo si tatizo. Ukimchezea kidogo atafika tu."

"Hakuna mahali ulipomweka? Labda umemweka pembeni?"

Akaanza kupitisha macho mezani kwangu akimtafuta, na hapo ndipo nikaingiwa na hofu. Nikamuuliza lile swali ambalo nilipaswa kumuuliza Ijumaa. "Mama, humu ndani kulikuwa na nini?"

Akaketi kwenye benchi, akaniambia. Izidori alikuwa kitinda mimba wake. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaotafuna mifupa kwa maumivu, na miezi mingine hakuweza kwenda shule kabisa. Mjomba wake ndiye aliyemletea mashine. Katika gemu ishirini na moja akaipenda hiyo moja, ya mpeleka barua. Asubuhi ya kupelekwa hospitali alikuwa amemfikisha mtu wake kwenye daraja la kamba. Akamhifadhi hapo, akamwambia mama yake, "Mama, mtu asimguse. Nikirudi tutavuka." Alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakurudi.

Miaka miwili imepita, na kila Jumapili baada ya misa ya kwanza mama huyu huwasha mashine. Hachezi. Kilichopo ni kwamba yule mtu ukimwacha bila kumgusa, hupiga mwayo, kisha huketi kwenye ubao wa kwanza wa daraja na kuanza kuchezesha miguu. Izidori naye alikuwa akichezesha miguu vilevile ukingoni mwa kitanda, siku ambazo mifupa ilimruhusu. Mama huketi naye hapo akimenya maharage. Humpa habari za wiki: nani ameoa, sare za kwaya gani zimekataliwa, mbuzi wa jirani amekula nini. Kisha huzima, na Jumapili nyingine humkuta palepale.

"Niliogopa waya utamkatia umeme siku moja apotee," akasema. "Ndiyo nikamleta kwako."

Wanangu, nimefiwa na wazazi, nimefiwa na mke, lakini sijui kama nimewahi kuona aibu na huzuni vikikaa kwenye kiti kimoja namna ile. Nikamwomba aniachie mashine. Kwa siku tisa nilifunga kibanda kwa wateja wengine. Nikampigia fundi mwenzangu wa Dar es Salaam, nikajaribu kila njia niliyoijua na nyingine nisizozijua. Gemu mpya zilikuwa zimeandikwa juu ya kumbukumbu za zamani, na kilichofunikwa hivyo hakirudi.

Hapo ilinipasa ninyamaze, nikaombe radhi. Ila fundi ana kichaa chake: hujiambia kwamba kilichovunjika kwa mkono hutengenezeka kwa mkono. Nikaamua kumpeleka yule mtu darajani mwenyewe. Sikuwa nimewahi kucheza gemu maishani mwangu. Wiki tatu, kila mchana, nilikuwa nikitumbukia mashimoni huku wateja wananicheka, "Fundi Kikoti amerudi utotoni!" Nikaanza upya. Siku nilipoliona lile daraja la kamba nililia machozi. Nilikuwa nimemwandika jina tangu mlangoni: Izi. Nikamhifadhi hapo, nikaifunga mashine katika kitenge, mafundo mawili, nikaenda nayo nyumbani kwake.

Aliiwasha mwenyewe. Hatukumgusa. Yule mtu akapiga mwayo, akaketi kwenye ubao wa kwanza, akaanza kuchezesha miguu. Mama Skolastika akaweka mkono mdomoni. Nikajidanganya kwamba nimefaulu.

Aliiweka pedi chini. Kisha akaniambia, "Umehangaika sana, fundi. Mungu akubariki. Lakini huyu umemleta wewe. Mwanangu alianguka mashimo yake mwenyewe, akafika kwa vidole vyake mwenyewe. Huyu ni wako."

"Nifanye nini, mama?"

"Huna la kufanya." Akazima TV. "Ungeniibia ningekushitaki. Ungevunja ningekugombeza. Wewe umeniongezea, na nashindwa hata kukukasirikia. Ila siku nyingine, fundi, usije ukamfanyia mtu mwingine. Kabla hujaongeza, uliza kilichomo."

Akaifunga mashine kwenye kitenge, akanikabidhi. Nikakataa. Akaniwekea mapajani.

"Nenda nayo. Mimi sichezi gemu. Nilikuwa nakwenda kumwona mtu."

Nilirudi kibandani nikachana boksi, nikayaandika maneno yake kwa wino mwekundu, nikayapigilia ukutani juu ya meza ili niyaone kila ninaposhika kitu cha mtu. Wateja wakayasoma wakisubiri, wakaondoka nayo. Wauza mboga wakayachukua. Mwaka juzi nilikuwa harusini, bibi mmoja akamwambia bwana harusi anayetaka kumbadilisha mkewe tabia: kabla hujaongeza, uliza kilichomo. Ukumbi mzima ukacheka na kupiga vigelegele. Mimi niliinamia sahani yangu.

Mama Skolastika yupo, bado anashona. Tukikutana njiani ananiwahi yeye, "Kamwene, fundi," kwa uso mwema, na uso wake huo mwema ndio unaoniumiza kuliko matusi. Mashine ile imo katika kabati hilo hapo nyuma yenu, ndani ya kitenge chake. Ina gemu mia tatu na kumi na mbili na hakuna anayezicheza. Jumapili nyingine huwa nakuja hapa chuoni, naiwasha, nakaa na yule mtu wangu anachezesha miguu. Habari za kumpa sina. Nami sijamvusha mpaka leo, kwa sababu aliyesema watavuka hakuniagiza mimi.

Sasa Vumilia, yule mzee wa Kihesa atakuja saa nane. Badilisha kioo alichokuagiza. Akifika, mpe kiti, msubiri apumue, halafu muulize pole kwa pole katika simu ile kuna nini, na kuna nani. Huenda akacheka akakuambia hakuna kitu, futa tu. Huenda akanyamaza kwanza. Vyovyote atakavyokujibu, uwe umemuuliza. Kabla hujaongeza, uliza kilichomo.