Kifungo na Gauni la Harusi

Mhunzi akivunjikiwa na koleo hafungi karakana akaenda kulia kwa majirani. Huokota vipande, akavuvia moto na kufua koleo jingine, pengine zuri kuliko la kwanza. Fundi cherehani wa hadithi hii hakuwahi kushika nyundo maishani mwake, lakini somo hilo alilisoma barabara, tena kwa mwalimu wa miguu minne.

Mwalimu mwenyewe aliletwa na mume wa Fundi, dereva wa malori ya safari ndefu. Tangu binti yao wa mwisho aolewe, nyumba ilikuwa imepoa kama chai iliyosahauliwa mezani, na dereva hakupenda kumwacha mkewe na upweke kila aliposhika usukani. Basi akaomba mtoto wa mbwa kwa mlinzi wa ghala. Mbwa huyo alikuwa mweupe pepepe, na doa moja jeusi kifuani. Fundi akamwita Kifungo, akampenda papo hapo.

Ila Kifungo alikojoa popote palipompendeza, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana ya Fundi na wifi yake, dada wa dereva, aliyepiga pasi na kutia vifungo.

"Wifi, hapa tunashona nguo au tumefungua choo?" aliuliza wifi mtu, sketi kaikunja hadi magotini.

"Mtoto huyo, wifi. Atajifunza tu."

Fundi akatandika vitambaa chakavu kwenye kona karibu na mlango. Kifungo akiamka au akimaliza kula, Fundi alimbeba mbio hadi pale, na akifanya haja yake alimmwagia sifa na kumpa kipande cha nyama. Haukupita muda mrefu, mbwa akaanza kwenda mwenyewe. Fundi alirukaruka kwa furaha, akampigia mumewe simu. "Mume wangu, huyu mbwa ana akili kutushinda mimi na wewe!"

Kumbe alishangilia mapema. Walikuwa wakishona gauni la harusi lenye mkia mrefu wa kuburuzwa, na siku moja bitana yake iliteleza kutoka mezani ikaanguka sakafuni. Kifungo alikuja mbio, akazunguka, akakojoa katikati kabisa. Kisha akaketi, macho kwa Fundi, akingoja nyama yake.

"Sasa basi!" wifi alifoka. "Bitana tutaifua. Lakini Jumamosi bibi harusi anakuja kujaribu gauni lenyewe. Likichafuliwa lile, nani atatuletea nguo tena? Mrudishe kwa mlinzi, wifi. Nakuomba."

Fundi alihisi uchungu kama wa mtu anayeagana na mwanawe. Alileta tenga, akatandika kitambaa ndani ili mbwa asiumie njiani, akamtia humo polepole. Kifungo alinusa kitambaa, akachuchumaa, akakojoa. Kisha akainua kichwa kwa majivuno, akingoja nyama.

Fundi alimtazama, akatazama kitambaa, akaangua kicheko hadi akakaa chini.

"Wifi! Njoo uone! Mbwa huyu hajakosea hata siku moja!"

"Umepatwa na nini tena?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kitambaa ni choo! Katika nyumba ya cherehani! Nani mwingine angefanya upuuzi huu?"

Wifi alijaribu kununa, lakini kicheko kilimponyoka. "Haya. Mpaka Jumamosi. Akiteleza, tenga liko pale pale."

Fundi akaanza upya, tena kwa ari. Alikusanya kila kitambaa kilichokuwa chini, akasugua sakafu kwa siki ili harufu iishe. Kitambaa kimoja tu, chenye harufu ile, alikipeleka uani na kukiwekea jiwe juu. Kifungo akiamka, mbio uani. Akila, mbio uani. Akimaliza kucheza, mbio uani, Fundi mbele, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Kila asubuhi alikipunguza kitambaa kwa mkasi, kikawa kama leso, kikawa kama mfuko wa shati, hatimaye pakabaki nyasi tupu. Na Kifungo akazizoea nyasi!

Ijumaa ikanyesha mvua. Kifungo alifika mlangoni, akatia mguu mmoja nje, akaurudisha, akaenda kukojolea viatu vya kitambaa vya wifi. Wifi alilitazama tenga. Fundi alishtuka moyoni, lakini hakukubali kushindwa. Alifungua mwavuli, akatoka na mbwa wake, na kila haja ilipokaribia siku ile walisimama mvuani wote wawili mpaka ikamalizika nyasini.

Jumamosi bibi harusi akafika. Alipanda juu ya kigoda, na mkia wa gauni ukatandazwa sakafuni, mweupe, mpana, ukijaza nusu ya sebule. Fundi alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, mara Kifungo akaamka kutoka usingizini.

Akajinyoosha. Akautazama mkia wa gauni, akausogelea, akaunusa. Wifi alishika ufagio kwa mikono miwili. Fundi alitamani kupiga kelele, lakini pini zilimziba. Kifungo alizunguka mara moja, akasimama, kisha akageuka akaufuata ukingo wa gauni hadi mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Akaukwaruza, akabweka.

"Anaomba!" wifi alipiga ukelele, akatupa ufagio. "Wifi, anaomba kutoka! Nipisheni!"

Akaruka juu ya mkia wa gauni, akafungua mlango, akamfuata mbwa uani pekupeku. Punde vigelegele vikalipuka huko nje, virefu, vya mtu aliyeshinda. Bibi harusi, akidhani vigelegele ni vyake, alijitazama kwenye kioo akatabasamu kwa raha. Fundi alitema pini, akacheka huku machozi yakimtoka.

Wifi alirudi amempakata Kifungo mwenyewe. Alilisukuma tenga kwa mguu hadi chini ya meza, akaanza kulijaza mabaki ya vitambaa.

"Wifi, nyama ya mwanetu iko wapi?" akauliza.

Ama kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.