Gobore la Mbuzi Saba

— Nina kisa.
— Kilete!
— Kimekaa sana darini, kina kutu.
— Tutakisugua!

Basi sikilizeni kwanza mlio, maana kisa hiki kinaanza na mlio, usiku wa manane, zamani zile ambazo watu walinunua kwa mbuzi na chumvi, na viboko walitoka mtoni kama watu wanaokwenda kilioni, wengi wengi, wakaingia kwenye mtama wakala, wakashiba, wakalala humo humo. Usiku huo mwanamke mmoja kijana, jina lake Kalunde, alikuwa ameketi jikoni ananyonyesha mtoto wa miezi mitano, moto unawaka, yeye yu macho. Akasikia bunduki ikilia huko shambani alikokwenda mumewe.

Gobore zuri, wajukuu zangu, lina mlio mmoja. Linasema duuu, kilima kinaitikia, basi. Hili lilisema pwaa, na ndani ya hiyo pwaa mlikuwa na kitu kama chungu kinachoanguka juu ya jiwe, kisha kimya, kisha mtu analia kwa sauti ambayo Kalunde hakuijua. Baadaye akaijua. Ilikuwa ya Kapela, mume wake.

Wengine walitoka mbio na vijinga vya moto mikononi. Yeye hakutoka. Alibaki palepale na mtoto kifuani, ziwa likamponyoka mtoto mdomoni, na neno la kwanza lililomjia moyoni halikuwa mume wangu. Lilikuwa mbuzi.

Nitawaambia kwa nini, msinisukume.

Gobore mnalijua? Wewe unayetikisa kichwa, hulijui. Ni bunduki ya kushindilia. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia kitambaa, unatia kipande cha chuma, unashindilia kwa ufito uitwao mdeki, unashindilia, unashindilia, kisha unalenga na kufyatua. Mtutu ukiwa mzima, yote hayo yanakwenda mbele. Mtutu ukiwa mbovu, hayaendi mbele. Yanakuja kwako.

Basi viboko walikuwa wamekula mtama miaka miwili. Kijiji kikakaa kikao, kikakusanya mbuzi kumi na wawili, huyu mmoja, yule mmoja, mjane mmoja akatoa jike lake la pekee na kulisindikiza mpaka njiani. Wakamkabidhi Kapela, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyelenga upinde kama yeye. Wakamwambia aende kambini kwa Songoro, mchuuzi wa misafara, akaletee kijiji gobore. Ulikuwa mwendo wa siku mbili, na Kalunde akafuatana naye kuswaga mbuzi, mtoto mgongoni.

Sasa kuna jambo ambalo Kalunde hakumwambia mtu, hata mama mkwe. Ziwa lake moja lilikuwa limekauka. La pili lilitoa kidogo kama jasho. Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya tena, akalia, na mama yake alimfunika nguo ili watu wasisikie kilio kile ni cha nini. Mkijaliwa kuzaa mtajua. Mama wa namna hiyo akiona mbuzi jike hamtazami pembe.

Wakafika. Songoro akawawekea magobore mawili juu ya mkeka.

La kwanza lilikuwa baya kwa sura, limechubuka, kitako kimefungwa kwa ngozi iliyokauka, mtutu mnene, mweusi. Mbuzi kumi na wawili. La pili liling'aa, limepigwa misumari ya shaba kitakoni, jepesi, unalinyanyua kwa mkono mmoja. Mbuzi saba.

Kapela alilipenda la kung'aa papo hapo, kama ambavyo tungelipenda mimi na wewe. Songoro akacheka. Alikuwa mtu wa maneno makavu, lakini mwongo hakuwa.

"Bwana mwindaji, hili bovu la sura limekaa kwa mtu mmoja miaka tisa, na mtu huyo jana alinihesabia mbuzi kwa vidole vyake vyote kumi. Hili zuri ni la kupigia shangwe harusini. Linatiwa baruti kidogo, linalia, bibi harusi anafurahi. Kiboko si bibi harusi."

Akasema zaidi. Akasema kama hawamwamini, walifunge gobore hilo kwenye kisiki, walishindilie baruti vipimo viwili, wavute kamba kutoka mbali, likipasuka lipasuke bila mtu. Ndivyo wachuuzi walivyofanya, na wawindaji wa kwingine walikubali. Lakini kwao kina Kapela ilikuwa mwiko. Kwao bunduki mpya hailizwi bure. Mlio wake wa kwanza sharti uangushe mnyama, la sivyo itazoea kukosa maisha yake yote. Kapela akakataa katakata.

Na Kalunde, watoto wangu, alijua kwamba atakataa. Na alipokataa akafurahi.

Alimvuta mumewe pembeni, nyuma ya mizigo, akamfunulia kifua chake. Hakusema mengi. Alisema wakichukua la saba, watabaki majike watano, na mtoto ataishi. Kapela akamwambia mbuzi si wao, ni wa watu. Akajibu, "Mtoto naye si wa watu?" Kapela akatazama chini, akatazama gobore linavyong'aa, na nadhani alipata nafuu kuambiwa achukue alichokwisha kukipenda.

Wakachukua la saba. Majike watano wakawapeleka ng'ambo ya mto kwa mjomba wa Kalunde, wakamwambia ni mbuzi wa kutunza tu. Kijijini wakasema bei ilikuwa kumi na wawili, na Songoro hapunguzi. Watu wakalisifu gobore. Wakaligusa misumari. Kalunde akawa anavuka mto kila asubuhi na kibuyu, na mtoto akaanza kunenepa, na siku hizo, siku chache hizo, alikuwa akiimba njiani.

Ndipo ukaja ule mlio.

Kapela alirudishwa amebebwa. Jicho moja halikuwapo, na mkono wa kushoto ulibaki na vidole viwili. Aliishi, lakini upinde hakuushika tena. Na asubuhi wazee wakaja mlangoni kwa Kalunde, na mkubwa wa wawindaji, Mzee Kasogela, mbele yao.

Hapa mjue desturi. Zamani zile mwindaji akiwa porini, mkewe hakulala, wala moto wa jikoni haukuachwa ufe. Mwindaji akiumia, bunduki haiulizwi. Anaulizwa mke.

"Binti," akasema Mzee Kasogela, na alisema kwa upole, hilo ndilo lililomuumiza zaidi, "tuambie tu. Moto ulizimika?"

Moto haukuzimika. Ulikuwa unawaka nyuma yake, na usiku kucha alikuwa macho, na kama angesema hivyo wangeuliza la pili, na la tatu, mpaka wafike kwa Songoro. Akamtazama Kapela. Kapela, kwa jicho lililobaki, akageukia ukutani.

"Ulizimika," akasema Kalunde. "Nilisinzia."

Wazee wakashusha pumzi. Kosa limejulikana, dawa yake ipo. Asiyelinda moto hufagia njia kutoka mlangoni kwake mpaka pale damu ilipomwagika, ameinama, mdomo umejaa maji, asiyameze wala asiyateme, na watu wanamtazama. Akimaliza, amesamehewa. Ni aibu ya asubuhi moja, na Kalunde alijiambia kwamba ataiweza, kwamba hii ni ndogo kuliko ile nyingine.

Akafagia. Mtoto mgongoni, ufagio mkononi, maji mdomoni. Wanawake wakatoka milangoni. Mmoja akamwambia, "Mlinda moto, usisinzie na hapo." Mwingine akamwambia afagie vizuri, vidole vya mumewe huenda bado viko njiani. Hakuweza kujibu. Mashavu yamevimba, machozi yanashuka, na mjane aliyetoa jike lake la pekee alisimama kizingitini kwake akimtazama kwa huruma. Kwa huruma! Kalunde akafagia mbele ya mjane yule haraka haraka kuliko popote.

Nyumba zikaisha, watu wakachoka wakarudi. Akabaki peke yake pale njia ya shamba inapokutana na njia ya misafara, karibu na kijito. Na hapo akamwona Mhoja, mdogo wake Kapela, anakuja na mbuzi saba mbele yake.

Mhoja akamsalimia kwa heshima, hakumcheka. Akamweleza, kwa kuwa yeye hawezi kuuliza, kwamba wazee wamekusanya mbuzi wa mwisho, wamepatikana saba tu, na wamemtuma kwa Songoro akambembeleze apunguze bei, alete gobore kama lile lile la misumari ya shaba. Gobore halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa moto, na mke wake Mhoja ameshaapa kwamba atakesha.

Kalunde akasimama. Akaona mkono wa kushoto wa Mhoja umeshika kamba ya mbuzi, vidole vyote vitano. Hakuna kilichomzuia kuinama tena na kufagia.

Akayatema maji.

"Shemeji, umefanya nini?" akasema Mhoja. "Utaanzishwa upya tangu mlangoni."

"Moto haukuzimika."

Akamwambia yote, kwa mkupuo, bila kupumua, mbuzi saba, mbuzi watano, kisiki na kamba, maziwa, mjomba. Mhoja hakumkatiza. Alipomaliza aliuliza neno moja, kama kaka yake anajua. Kalunde akasema anajua. Mhoja alikuwa nyuma ya wazee walipokuja mlangoni, na nadhani sasa alikumbuka Kapela alivyogeukia ukutani.

"Na mimi, shemeji? Ungeniacha niende na vidole vyangu hivi?"

Angeweza kudanganya. "Nilifikiri kukuacha," akasema. "Tangu uliponisalimia mpaka natema, nilikuwa nafikiri hivyo."

Mhoja hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alimwambia amwonyeshe hao mbuzi wako wapi.

Wakavuka mto. Mhoja akafungua majike wanne, akawachanganya na wale saba. Wa tano, yule mwenye maziwa mengi, akamsukuma arudi zizini. Kalunde akamwambia hawatatimia, bei ni kumi na wawili. Mhoja akavua bangili yake ya shaba, ya baba yake, akaishika mkononi.

"Huyu abaki. Mtoto hakuchagua bunduki."

Kisha akamwambia kwamba hatasema. Akisema, Kalunde atarudishwa kwao, Kapela atahama kwa aibu, na mtoto atafia njiani. "Sitamwambia mtu, shemeji. Lakini utajua kwamba mimi najua."

Akaenda zake. Kalunde akarudi kijitoni, akapiga magoti, akajaza maji mdomoni upya, akaanza tena tangu mlangoni kwake, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mbele ya wanawake wale wale, mpaka penye damu. Hakuna aliyemwamuru.

Songoro alipokea mbuzi kumi na mmoja na bangili. Lile gobore baya la sura lilikuwa bado limeegemea hema, hakuna aliyelitaka. Liliua viboko mpaka waliobaki wakauhama mto, na Mhoja alizeeka nalo, na siku tulipomzika niliihesabu mikono yake yote miwili. Vidole kumi.

Ndiyo, nilikuwepo. Maziwa ya yule mbuzi aliyesukumwa zizini niliyanywa mimi. Kalunde ni mama yangu. Aliniambia mwenyewe, siku nilipojifungua mtoto wa kwanza na maziwa yakachelewa kutoka, nikawa nalia, akafunga mlango akaniambia. Na alipokuwa akisema hakunitazama.

Sasa nisikilizeni, nyinyi wenye haraka ya kununua. Kutafuta bei ndogo si kosa. Chungu nunua cha bei ndogo, mkeka nunua, kikivunjika utakaa chini. Lakini kitu ambacho kikivunjika kinavunjika usoni mwa mtu, jiulize kwanza ni uso wa nani. Na kama mbuzi ni wa watu, jiulize mara mbili.

Kwa nini nimewaambia leo? Kwa sababu jana niliwasikia mnachezea jiko, na lilipozimika mkachekana, mkasema moto wa Kalunde, moto wa Kalunde, kama kijiji kizima kinavyosema mpaka leo. Msiseme tena. Mama yangu moto wake haukuzimika hata usiku mmoja.

Lakini sababu yake ibaki humu. Kuna wajukuu wa yule mjane, tunasalimiana nao kila asubuhi.

— Kisa nimekisugua, nakirudisha darini.
— Kikae!
— Na mkiulizwa?
— Hatutamwambia mtu.