Pimbi, Ngiri na Gari la Bibi Harusi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wameshajua kuendesha magari lakini hawajajua kupeana njia, Pimbi alinunua kigari cha umeme. Kilikuwa kidogo, cha bei nafuu, na kimya kabisa. Alikuwa akikichaji nyumbani kama simu, na alikipenda mno.

Jirani yake, Ngiri, alikuwa na gari jekundu la bei ya juu, la kispoti, lenye matairi mapana. Likiwashwa tu, vruuum! Kuku wote wanakimbilia jikoni.

Basi Binti Swala akawa anaolewa. Tangu binti huyo akiwa mtoto, Pimbi alikuwa amemwahidi, "Siku yako nitakuendesha mimi." Lakini Ngiri naye akajitokeza, akataka kumwendesha yeye. Mbuni, kungwi wa bibi harusi, akakata shauri.

"Kesho msafara utazunguka mji. Bibi harusi ataanza na gari la Ngiri. Asiporidhika, tutamwita Pimbi."

Ngiri akacheka hadi meno yakatikisika. "Hicho kisanduku! Kikiishiwa chaji njiani utakichomeka wapi, kwenye kichuguu?"

Moyo ulimuuma Pimbi, maana gari la Ngiri lilipanda vilima kwa mbio, na chake vilima kilivipanda kwa shida. Kwa nguvu asingemweza. Akafikiri weee, kisha akatabasamu.

"Kaka Ngiri, umenishinda. Ila nikupe siri. Kungwi Mbuni masikio yake mazito. Usiponguruma, hatajua kama umepita."

"Kumbe! Ahsante, mdogo wangu. Atanisikia!"

Msafara wa harusi mnaujua wenyewe: mwendo wa pole, matarumbeta mbele, akina mama nyuma na vigelegele. Tembo akapuliza, paraparapaaa! Ngiri akakanyaga mafuta, VRUUUM! Gari lile lilizoea mbio. Kwa mwendo ule likaruka, likasimama, likaruka tena. Shela likamshukia bibi harusi puani.

"Mjomba Ngiri, punguza! Sisikii tarumbeta!"

"Ngoja kwanza kungwi asikie!" VRUUUM!

Tembo akashusha tarumbeta lake. Akina mama wakanyamaza. Mbuni akaja mbio, shingo mbele, akaingiza kichwa dirishani.

"We Ngiri! Una wazimu?"

"Unanisikia sasa, kungwi?" Ngiri akapiga ukelele.

"Mji mzima unakusikia! Nani kakwambia mimi kiziwi?"

"Pimbi!"

Lo! Wote wakamgeukia Pimbi, aliyekuwa akifuata msafara na kigari chake. Pimbi akainamia usukani wake. Aliona aibu, kweli aliona, lakini mlango wa abiria alikuwa ameshaufungua.

Binti Swala hakungoja ruhusa ya mtu. Akashuka katikati ya barabara, akakusanya shela lake, akaingia kwenye kigari, magoti yakimgusa kidevu.

"Twende, mjomba. Uliniahidi."

Kigari kikaondoka taratibu, kimya. Tembo akapuliza tena. Bibi harusi akasikia kila kigelegele, akalia kwa furaha, na Pimbi naye machozi yakamtoka huku akiendesha.

Mimi msafara nimeufikisha ukumbini, wanangu. Nanyi mjue kwamba gari bora ni lile linaloifaa safari yako, si lile linalopiga kelele kuliko mengine.