Mkataba wa Ukuta wa Nyuma

Jamani, mpo?

Tupo, masikio tumeyaleta.

Niwape cha kale?

Tupe, tugawane.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakipangishana nyumba, alikuwapo Bi Ngiri na watoto wake watatu. Mzee Muhanga, fundi wa kuchimba mashimo, alimpangisha shimo lake moja. Mkataba aliuchora kwa kucha kwenye ukuta wa nyuma, ndani kabisa.

Sasa, ngiri huingia nyumbani kinyumenyume, uso mlangoni, apate kumchungulia simba. Bi Ngiri akaingia vivyo hivyo, akapiga kwato ya nyuma ukutani kutia alama yake, asigeuke kusoma. Siku zikaenda, hakugeuka. Na Muhanga alilijua hilo.

Siku moja akaja. "Bi Ngiri, mkataba unasema mpangaji anifagilie njia mpaka kwenye kichuguu."

Bi Ngiri akaona haya kusema hajausoma. "Kama umesema, basi." Akafagia.

Mara ya pili akaja. "Mkataba unasema jua likiwa kali, chumba cha ndani ni changu."

"Kama umesema, basi." Akashinda mlangoni na wanawe, jua likiwachoma migongo.

Mara ya tatu akaja, mawingu ya masika yametanda. "Mkataba unasema nikikutaka utoke, unatoka. Kesho nyumba nampa Nungunungu."

"Na watoto hawa, mzee? Bado wananyonya, na mvua hiyo inakuja."

"Mimi ndiye baba yao? Kwato uliweka, hukuweka?"

Bi Ngiri akamwomba Mungu ampe ulimi, akaenda kwa Hakimu Tandala.

"Mheshimiwa, kosa ni langu. Nilitia alama kwenye kitu nisichokisoma, kisha nikaona aibu kusema."

"Aibu si kosa la kumtoa mtu nyumbani," akasema Hakimu. "Twende kikasomwe."

Pembe za Tandala zikagoma mlangoni. Akamtuma karani wake, Nguchiro, akapenya ndani. Sauti yake ikasikika kutoka shimoni:

"Mwenye nyumba ataziba paa kabla ya masika. Mwenye nyumba hatamtoa mpangaji anayenyonyesha mpaka mvua ziishe."

"Na kufagia njia?"

"Hamna, mheshimiwa."

"Na chumba cha ndani?"

"Hamna. Ila mpangaji asiache kuta zichimbwe, na hapa naona mashimo matatu yaliyochimbwa kwa pua."

Watoto wakatazama chini.

"Ni wanangu hao," akasema Bi Ngiri. "Niliona nikanyamaza. Mungu anisamehe, nitayafukia."

"Yafukie leo. Nawe Muhanga, ziba paa kabla jua halijatua. Kisha utamfagilia njia kwa siku sawa na zile alizokufagilia."

"Mheshimiwa, mgongo wangu huu wa kizee..."

"Ulipochimba ulikuwa mzima. Anza."

Mvua ikanyesha siku ya pili yake, paa halikuvuja. Bi Ngiri akamwita Nguchiro amsomee mkataba wote tena, neno kwa neno. Safari hii aligeuka, akautazama.

Basi, ndugu zangu, usitie alama kwenye usichokijua. Kama husomi, omba usomewe. Haya isikunyang'anye haki yako. Na ukishaijua haki yako, timiza na wajibu wako, maana vyote viwili umevitilia alama moja.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe, akawape wa nyumbani.