Siwema wa Miguu Sita

Paukwa!

Pakawa!

Wewe pale nyuma, sijakusikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani za kale, kale hasa, palikuwa na mzinga juu ya mgunga. Ndani ya mzinga, nyuki. Nyuki tele, vuuu, vuuu, mchana kutwa. Na nyuki hao walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa, hupakwa asali ya nyumbani. Tone hapa, tone pale, tone kule. Hakuna nyuki asiyepakwa.

Mlangoni alikaa Siwema. Kazi yake ilikuwa moja tu, kupapasa. Kila anayeingia, Siwema humshika kwa miguu yote sita, akausikiliza utamu wa mwili wake. Huku akiimba:

Nashika, napapasa,
wa kwetu, pita,
mgeni, sikuachi!

Lakini Siwema alikuwa na doa. Msimu uliopita alimshika Bi Mwanasha, nyuki mzee, ambaye asali yake ya mwilini ilikuwa imechakaa kwa uzee. Siwema akapapasa, akapapasa, hakuona tone. Akamng'ata, kwa! Bawa la bibi likachanika. Bi Mwanasha hakusamehe. Malkia naye akatoa amri: "Mwenye asali yetu, hata chembe, asishikwe. Onjeni mara moja, mpisheni."

Siwema alilia siku tatu, maana kosa lilikuwa lake na alilijua. Lakini amri ile aliiona ya kijinga. Akasema hivyo hivyo, mbele ya wote.

Basi siku moja akaja Nondo. Mnamjua Nondo, yule kipepeo wa usiku? Huyo hutaga mayai kwenye masega. Mayai yakianguliwa, funza hutoka, wakala nta, wakala masega, watoto wa nyuki wakafa wote. Nondo akazunguka nyuma ya mzinga, akaona ufa, asali inachuruzika. Akajiviringisha. Biringi, biringi! Kichwa asali, mabawa asali, tumbo asali. Akaja mlangoni.

"Hodi, wenyewe!"

Nyuki wengine wa mlangoni wakamwonja mara moja. "Asali yetu! Karibu, ndugu!"

Siwema akamrukia, akamshika. Mguu wa kwanza ukasema, wa kwetu. Mguu wa pili ukasema, wa kwetu. Miguu yote sita ilipokaza pamoja ikasema jingine. Chini ya asali ile ya wizi, Nondo alikuwa na sukari yake mwenyewe, imebanana safu kwa safu kama punje za hindi.

"Asali ni yetu," Siwema akasema. "Mwili si wetu. Huingii."

"Jamani!" Nondo akapiga kelele. "Nanyanyaswa mlangoni kwetu!"

Bi Mwanasha akatoka mbio, bawa linaburuzika. "Ameanza tena huyu! Mwachie mwana wa watu!"

"Shikamoo, bibi. Simwachii."

Malkia akaja. "Siwema, ni amri."

"Nimeisikia, Malkia. Simwachii."

"Mvuteni!"

Wakamvuta. Vuta, vuta, pa! Mguu mmoja ukakatika. Siwema akapiga yowe. Kisha akaimba: Nashika, napapasa, mgeni, sikuachi! Vuta, vuta, pa! Wa pili huo.

"Imebaki minne," akasema, "na yote yasema mgeni."

Pa! Ikabaki mitatu. Nayo ikakaza.

Sasa sikilizeni. Huku wanavuta, asali ilikuwa inabanduka. Ikabanduka bawani, na vumbi la kijivu likatimka, puuu, likamwingia Bi Mwanasha machoni. Nyuki hana vumbi la kijivu.

"Uwiii!" bibi akalia. "Nondo! Nondo huyu!"

Vuuu! Nyuki wakamfunika Nondo, mia, mia tena. Joto la miili yao likapanda. Nondo akafia kizingitini, na mayai yake tumboni.

Malkia akainamisha kichwa. "Siwema, nimekosa. Ingia ndani upumzike. Mlango tutampa mwenye miguu sita."

"Mlango ni wangu," Siwema akajibu. "Na amri yako siitaki. Nikikosea, nitaomba radhi. Lakini nitashika."

Ndipo Bi Mwanasha akajikokota mpaka nje, akageuka, akasimama mbele ya Siwema kama anayebisha hodi.

"Mimi asali yangu imekwisha," akasema. "Nipapase, mwanangu, uniambie. Bora bawa langu lichanike kuliko watoto wetu wafe."

Siwema akampapasa kwa miguu mitatu, taratibu, akilia, kisha akampisha. Malkia akaifuta amri siku hiyo hiyo.

Msidhani ni mambo ya nyuki tu. Damuni mwenu wamo walinzi wadogo wa namna hii. Wanapapasa sukari iliyo juu ya vijidudu vya maradhi. Wakiikuta ngeni, wanashika na kuita wenzao. Vijidudu vingine navyo ni vijanja, hujipaka sukari ya mwili ili vipite. Na mara nyingine mlinzi hukosea, akamshika wa nyumbani, nao huo ni ugonjwa.

Basi shikeni neno hili: utamu wa juu si undugu, na mlinzi aliyekosea jana hafungwi mikono leo. Hadithi yangu imeishia hapo, na asiyeipenda akatunge yake.