Mwalimu wa Ngoma na Hatua Kumi

Ndugu zangu wa kundi hili, hii nimeisoma mwenyewe mpaka mwisho, sijasomewa na mtu. Nimeona nisikae nayo peke yangu. Nanyi msikae nayo.

Kulikuwa na mwalimu wa ngoma, mama mmoja wa Tabora, jina lake Nyamizi. Miaka ishirini alifundisha vijana kucheza. Iwe harusi, iwe wageni wa serikali, kundi lake ndilo lililoitwa.

Siku moja binti mmoja wa kundi akateguka goti. Nyamizi akamkanda kwa maji ya moto, akamwambia, "Inuka, ngoma haingoji." Binti akainuka. Lakini mpaka leo anachechemea.

Jambo hilo lilimnyima raha. Akiwa na miaka arobaini na nne akaacha ngoma, akaingia chuo cha afya kusomea kazi ya kuwarudisha wagonjwa kwenye miguu yao.

Wenzake darasani walikuwa watoto wa kuwazaa. Wakamtania: "Mama Ngoma, hapa hatukati viuno, tunakariri mifupa!"

"Nikaririshe basi, mwanangu," akajibu. "Kiuno nitakufundisha bure."

Mtihani wa vitendo wa mwisho akafeli. Chuo kikamwambia: unarudia mara moja tu, ukifeli tena unakwenda nyumbani.

Siku ikafika. Mgonjwa alikuwa mtu aliyevunjika paja, akawekewa chuma, na Nyamizi alitakiwa amtembeze hatua kumi kwa magongo. Alipomwona akashtuka. Ni Kashindye, aliyewahi kucheza kwenye kundi lake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unasikia maumivu?"

"Hata kidogo."

Mtahini, mzee mmoja mkali, akasema, "Nimemkagua asubuhi. Yuko sawa. Anza."

Moja. Mbili. Tatu. Kashindye anacheka tu. Nne. Tano. Meno yote nje. Sita. Saba.

Nyamizi akasimama ghafla, akamshika kiunoni. "Leteni kiti!"

"Zimebaki tatu, mama," mtahini akasema. "Ukiishia hapo umefeli."

"Najua. Leteni kiti. Huyu anaumia."

"Anaumia wapi? Si unamwona anacheka?"

"Ndiyo maana. Kwenye ngoma yetu, ukichomwa na mwiba mbele ya wageni hukunji uso. Unacheka zaidi. Nimemfundisha mimi mwenyewe."

Kashindye akainamisha kichwa.

"Nilisikia wanafunzi wakisema hii ndiyo nafasi yako ya mwisho, Mwalimu," akasema. "Asubuhi nikamdanganya mzee hapa, nisije nikaondolewa ukaharibikiwa. Hatua kumi tu, ningekunyimaje?"

"Lia, mwanangu," Nyamizi akamwambia. Na yule mwanamume mzima akalia.

Mtahini akachukua kalamu. Akaandika kwenye karatasi: hakumaliza.

Kashindye akapelekwa kupigwa picha ya mguu. Chuma kilikuwa kimelegea, na mfupa haujaunga.

Jioni mtahini akaenda bweni la wanawake, akasimama mlangoni. Nyamizi alikuwa anafunga mizigo. Akadhani amefuatwa arudishe kitambulisho cha chuo, akakitoa, akamnyooshea.

Mzee hakukipokea.

"Fungua hiyo mizigo, mama. Nimetoka kwa mkuu wa chuo. Nimemwambia aliyefeli leo ni mimi. Mgonjwa nilimkagua kwa mikono yangu, nikaridhika na meno yake. Mtihani umefutwa. Utafanya upya."

Nyamizi akakaa kitandani. Akaanza kufungua mizigo.

Wiki iliyofuata akapewa mgonjwa mwingine, bibi aliyeanguka akavunjika nyonga. Kabla ya hatua ya kwanza akainama, akamwambia, "Bibi, kwangu mimi ukiumia kunja uso. Ukitaka, nipigie hata kelele."

Hatua ya nne bibi akapiga kelele, chumba kizima kikageuka. Wakapumzika. Wakaenda tena polepole, mpaka zikatimia kumi.

Funzo: Usipande juu kwa kukanyaga maumivu ya mtu anayekuficha kwa sababu anakupenda. Muulize mara ya pili, hata kama jibu lake litakugharimu.